Viatu Alivyochagua Babu

Mwaka ule chuo kilifungwa muhula ukiwa nusu. Tuliambiwa tufunge mizigo, turudi makwetu, tusubiri tangazo la redioni. Nikarudi nyumbani, nje kidogo ya mji wa Tukuyu upande wa kuelekea Kisondela, nikakaa. Mvua ya kwetu haina adabu: inaanza kabla watu hawajawasha moto, inapumzika mchana kidogo kama fundi anayekwenda kula, halafu inarudi kazini. Siku nzima unatazama migomba, ukungu, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye bati. Nilikuwa nimezoea kubishana na wenzangu kuhusu soko huria na nani hasa ananufaika nalo. Sasa nilikuwa nabishana na kuku walioingia jikoni.

Mdogo wangu wa mwisho naye alikuwa amefungiwa nyumbani, ila yeye alijifungia mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na alikuwa amekataa kwenda shule kwa sababu ya viatu.

Vilikuwa viatu vyeusi vya plastiki, kipande kimoja kisicho na mshono popote. Mama alivipenda kwa sababu havichakai, havinywi maji, na ukitaka kuvisafisha unavimwagia kopo moja basi. Ni kweli havikunywa maji. Lakini maji yakiingia kwa juu hayakuwa na pa kutokea, na kwetu maji huingia kwa juu karibu kila siku. Alipotembea vililia kwa! kwa! kwa! Wenzake wakampa jina la Chura. Akipita kibarazani walichuchumaa mstari mzima na kumwuliza: “Chura, mvua inanyesha lini?”

“Jina haliui mtu,” mama alimwambia.

“Kaitwe wewe, mama.”

Mwalimu mkuu alituma neno: mtoto akikosa mitihani ya mwisho wa mwezi, atarudia darasa. Mama hakulala vizuri tangu siku hiyo. Katika ukoo wetu wasichana waliorudia darasa hawakulimaliza. Walibaki shambani, wakaolewa. Baba alikuwa kazini Mbeya, hurudi mwisho wa mwezi. Basi mama akanigeukia mimi.

“Wewe unayejua kila kitu,” alisema, “Alhamisi twende mjini. Tutafute kiatu kimoja ambacho mimi nitakikubali na huyu atakivaa.”

Nilidhani ni jambo dogo. Zamani, wakati wa foleni na duka la ushirika, kiatu cha shule kilikuwa cha aina moja. Ukikikuta kinakutosha unashukuru, kisipokutosha unashukuru vilevile. Sasa mipaka ilikuwa imefunguliwa, mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na mtoto wa darasa la sita alijua kutofautisha visigino kuliko mimi nilivyojua kutofautisha vyama. Kwa hiyo kulikuwa na cha kuchagua. Nilichokuwa sijauliza ni nani anachagua.

Tulianza dukani. Vilikuwa viatu vipya vya ngozi, vigumu kama kibao cha kusukumia chapati. Mama alipitisha kidole nyuma ya kisigino cha mdogo wangu. Kidole kimoja kiliingia. Akaomba namba ambayo vitaingia viwili.

“Utakulia humo,” alisema.

“Mpaka nikiolewa?” mdogo wangu akajibu, na mwenye duka akacheka. Mama hakucheka. Tukatoka.

Mitumbani, mzee wa viatu alikuwa amemwaga mzigo mpya juu ya turubai. Alikuwa Mwislamu aliyezaliwa pale pale mjini, mwenye ulimi mwepesi. “Karibuni, mama. Karibuni, mabinti. Mzigo wa leo hata mimi natamani kuvaa.” Tukainama, tukaanza kufukua. Kiatu cha mtumba hakina namba ya kuomba. Kilichopo ndicho hicho, na mwenzake umtafute chini ya lundo.

Mama ndiye aliyepata vya kwanza: vyeusi, vya kamba, soli nene yenye meno, ngozi iliyokwisha kulainishwa na miguu ya mtu mwingine huko Ulaya. Hata mimi nilivikubali. Kwa tope letu ni kama vilitengenezwa huku.

“Vya kiume,” mdogo wangu alisema bila kuvishika.

“Viatu havina uume,” nikamwambia.

“Basi vaa wewe, dada, uende navyo chuoni. Kama kipo.”

Kisha akapata vyake. Vilikuwa vyeusi pia, sikatai, lakini vyeusi vya kung’aa mpaka unajiona, na bizimu la rangi ya fedha pembeni, na kisigino kilichosimama kama stuli ndogo. Akavikumbatia. Mama alikuwa anafungua kinywa chake, na nilijua kitakachotoka. Hapo ndipo babu alipotokea upande wa pili wa turubai.

Lazima nieleze hapa, maana mgeni hataelewa. Kwetu mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, haongei naye, hatamki jina lake, hapiti alipoketi, hagusi kitu chake. Babu, baba yake baba, alikaa nyumba ya chini yetu, na kwa miaka yote ya ndoa yake mama alipita njia ya juu, inayozunguka shamba la chai, ili wasikutane. Mama mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, anasoma Biblia bila miwani, na bado alizunguka shamba la chai. Nilimwuliza mara nyingi nani aliyeweka sheria hiyo na kwa faida ya nani. Alinijibu, “Na wewe utayakuta.” Chuoni tuliita mambo kama hayo mabaki. Lakini sikuwahi kuona mabaki yenye nguvu namna ile.

Babu alikuwa rafiki wa mzee wa viatu. Alifika pale kunywa kahawa na kusikia habari. Nilipogeuka kumtazama mama, hakuwepo. Alikuwa amevuka hadi nyuma ya mikungu ya ndizi ya wauzaji, kanga imefunika kichwa, mgongo umetugeukia.

“Wajukuu,” babu alitusalimu, akakaa kwenye benchi. “Mama yenu hajambo?”

“Hajambo, tata,” nikasema, kama tunavyomwita babu kwa lugha yetu. “Yuko pale kwenye ndizi.”

“Nimeona ndizi,” akasema, akitazama upande mwingine kabisa. Ndivyo walivyoheshimiana.

Sasa ununuzi ulihitaji mjumbe, kwa sababu hela ilikuwa kwenye pindo la kanga ya mama na viatu vilikuwa miguuni pa babu. Kabla sijajipanga, mdogo wangu alikuwa ameshaondoka na vile vya kung’aa. Nikamfuata. Alifika nyuma ya ndizi, akasema kwa sauti ya mtu aliyetumwa:

“Mama, babu kasema hivi ndivyo nivae. Kasema ni vizuri sana.”

Babu hakuwa amesema chochote. Kabla sijapumua, msichana alishakimbia kurudi, na nikamsikia akimwambia mzee: “Mama amevipenda hivi, tata. Amesema niseme asante.”

“Kama mama yako amependa,” babu akasema. “Ndaga, asante.”

Nilibaki na mama. Macho yake yalikuwa chini, vidole vyake vikifungua pindo.

“Mama, babu hajasema kitu. Huyu mtoto anakudanganya. Nilikuwepo.”

“Mdogo wako kasema amesema.”

“Anadanganya! Nenda… basi, nimwulize babu mwenyewe nikuletee jibu.”

“Umwulizeje?” Hakupandisha sauti. “Umwambie mkwe wake amesikia amri yake na hakuiamini, anaomba ushahidi? Na ukirudi na jibu, nitajuaje kuwa ni lake? Huyu kaniletea neno lake, wewe unaniletea lako. Nyote mmetoka kwangu. Nimwamini nani, mwenye viatu au mwenye maswali?”

Nilitaka kupiga kelele kwamba ukweli uko hatua chache kutoka hapo, umeketi kwenye benchi, unakunywa kahawa. Lakini njia ya kuufikia ilikuwa imezibwa na heshima, na mlangoni alisimama mtoto wa miaka kumi na miwili anayeamua nani apite na neno gani. Mama alinipa hela. Nikazipeleka. Ndiyo, mimi ndiye niliyezipeleka, maana nani mwingine?

Njiani kurudi, kwa njia ya juu, mama alimwambia mdogo wangu jambo moja tu. “Babu yako akichagua kitu, hakiachwi. Utavivaa kila siku, mvua na jua, mpaka viishe.”

“Ndiyo, mama!” Alikuwa anaimba.

Jumatatu alikwenda shule. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakuna aliyemwita Chura. Wasichana walimzunguka, mmoja akapiga magoti kugusa bizimu. Kwa hiyo, nilijiambia, labda nilikosea. Labda kiatu kinachofaa ni kile kinachompeleka mtoto shule, na mengine ni nadharia.

Lakini visigino vilizama kwenye tope kama vigingi vya mbuzi. Alirudi ameshika ukuta wa kila nyumba iliyokuwa na ukuta. Siku iliyofuata babu alimwona akipita, akapaza sauti kutoka kibarazani: “Viatu vya mama yako hivyo! Tembea wima!” Nyumbani mama alimtazama miguu na kusema, “Viatu vya babu yako, usivikunje.” Mdogo wangu akawa katikati, kila upande unamkabidhi viatu kwa heshima ya upande wa pili.

Nilimkuta bombani mchana, anaosha miguu. Visigino vilikuwa vimechubuka, nyama nyekundu iko wazi, na vidole vimekunjwa kama vya ndege. Jozi ile ilikuwa moja tu kwenye lundo. Hakukuwa na namba ya kuomba, na alichokipata hakikuwa cha mguu wake.

“Vinakubana.”

“Havibani.”

“Hebu nione.”

“Havibani, dada!” Akaanza kulia, kwa hasira, akitazama mlango wa jikoni alikokuwa mama. “Nikisema vinabana, mama atasema nimekataa kitu cha babu. Nikimwambia babu, atasema nimekataa kitu cha mama. Nikae tu. Nikae nyumbani. Nirudie darasa.”

Basi tulikuwa tumerudi palepale, na mitihani ilikuwa wiki ile.

“Utamwambia babu ukweli,” nikasema. “Leo.”

“Twende wote.”

Tulishuka, yeye peku, viatu mkononi. Babu alimsikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea fimbo. Akacheka mpaka akakohoa, akashika nguzo ya kibaraza. Halafu kicheko kikaisha ghafla, nikaona uso wake umebadilika.

“Gwe, wewe mwana! Kwa hiyo mama yako anadhani mimi ndiye niliyesema mtoto wa shule avae stuli?”

“Ndiyo, tata.”

“Na sasa nani atamwambia?”

Nyumba yetu ilionekana kutoka pale, moshi wa mama unapanda juu ya migomba. Mzee huyu alikuwa amesuluhisha ugomvi wa mashamba wa nusu ya kata, na hakuweza kupanda mteremko mfupi kumwambia mwanamke mmoja neno moja. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba yeye naye amezunguka shamba la chai miaka yote hiyo, ila kwa kukaa.

“Wewe ndiye utakwenda,” akaniambia.

“Hataniamini. Alishasema.”

Akafikiri. Akavua kofia yake ya pama, akanipa. “Chukua hii. Akiiona atajua neno limetoka kwangu. Sema: mtoto avae kinachomtosha. Sikuchagua.”

Nilipanda na kofia. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Aliponiona sikuwahi kusema hata neno. Ungo ukaanguka, kanga ikapanda kichwani, akageuka kuelekea ukutani.

“Gwe! Unaniletea nini? Weka mbali!”

“Mama, ni kofia tu.”

“Ni yake!”

“Amesema hakuchagua. Amesema mtoto avae kinachomtosha.”

Mgongo wake ulitulia. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu, na sijui kama alicheka au alilia. Kutoka nyuma vinafanana.

“Nimesikia,” akasema ukutani. “Mwambie nimesikia, namshukuru. Vile vya kamba, kavitafuteni kama bado vipo. Mzee wa viatu hatakataa kuvibadilisha akisikia aliyewatuma. Huyo mwongo mwambie jioni nina neno naye.”

Vilikuwepo. Nani mwingine angevitaka? Mdogo wangu alivijaribu bila kuvaa soksi, akakanyaga, akakanyaga tena. Kisha akaniinamia miguuni, akazichomoa kamba nyeupe za raba zangu za chuo, bila kuniuliza, akazifunga kwenye vyake kwa mtindo wa msalaba, ncha zikining’inia nje.

“Hivi sasa,” akasema, “vinavalika.” Akaondoka navyo miguuni mpaka nyumbani, na kesho yake shuleni, na akafanya mitihani.

Mimi jioni ile nilibaki uani na kofia mkononi, raba zikinipwaya miguuni bila kamba. Nisingeweza kuiingiza ndani, mama yumo. Nisingeweza kuiweka kwenye stuli, anaikalia. Nilitaka kuitundika kwenye mti wa parachichi, lakini mama anapita chini yake akienda bombani. Mvua ikaanza. Nikaificha kofia chini ya sweta isilowane, nikashuka tena mteremko, kwa miguu inayoteleza ndani ya viatu vyangu mwenyewe.