Wiki Tano Bila Dawa

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mtulivu. Sare za shule za mtaa mzima zilipita kwake. Lakini tangu daktari aseme bintiye ana saratani ya damu, utulivu ulimhama. Anaketi, anainuka, anachungulia chumbani, anarudi, amesahau alichokuwa akikata.

Chiriku, msichana wa miaka minane aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alimaliza duru ya kwanza ya dawa akarudi nyumbani hana nywele, hana hamu ya kula, hana la kusema. Ndipo bibi yake mzaa baba alipokataa katakata.

"Mjukuu wangu hachomwi tena sindano zile. Mimi mwenyewe madaktari walishanikatia tamaa. Nikaombewa, uvimbe ukanywea. Au nilikudanganya?"

Hakumdanganya. Uvimbe ule Mama Chiriku aliuona kwa macho yake. Akamgeukia mumewe, naye akatazama viatu vyake.

"Mama ni mama," akasema. "Tungoje kidogo."

Wakangoja. Kila asubuhi waumini wenzake bibi walimzunguka mtoto, wakamwombea kwa machozi ya kweli. Mama Chiriku aliomba nao, jicho kwenye kalenda. Simu ya muuguzi wa hospitali, ya kuwakumbusha dawa, ikiita, aliizima. Akishaizima, alitamani iite tena. Siku moja alitia mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Mteja akacheka, yeye akashindwa.

Wiki ya tano, akimwogesha bintiye, aliona madoa mekundu miguuni, madogo kama vichwa vya pini, yaleyale yaliyowapeleka hospitali mara ya kwanza.

"Mama," Chiriku akasema, "bibi anasema nimeshapona. Sasa nikisema naumwa, nitakuwa sina imani?"

Alimkausha, akamvika, akambeba mgongoni. Mlangoni alisimama mama mkwe.

"Ukivuka hapo, umemkana Mungu mbele yangu."

"Sijamkana, mama. Tuombee tukiwa njiani. Ila naomba unipishe."

Hakupisha. Mama Chiriku akajipenyeza ubavuni mwake, bega kwa bega.

Daktari hakumkaripia. Alisema tu kwamba dawa za mwanzo huenda zisitoshe tena. Wangetumia kali zaidi, kwa muda mrefu zaidi. Mchana mumewe akaja na blanketi, akakaa asiinue macho.

Matibabu yalichukua miezi kumi na minne. Mama mkwe hakukanyaga hospitali wala kusema na mkwewe. Damu ilipokuwa safi, Chiriku alirudi kuongea hadi walimu wakalalamika. "Maombi yetu yamejibiwa," bibi akawatangazia majirani. Mama Chiriku alisikia, akaendelea kushona. Yeye alikuwa na zile wiki tano za kujilaumu, zilimtosha.

Siku moja mama mkwe aliingia na kitambaa.

"Nishonee gauni."

"Kipimo ni kilekile, mama?"

"Pima. Nimepungua."

Alipima kiuno, akakuta kimepungua shibiri nzima. Hakuuliza alikuwa amefunga siku ngapi kwa ajili ya mjukuu. Alikata kitambaa polepole, akiitupia kalenda jicho. Keshokutwa Chiriku alikuwa anapimwa tena damu.