Mafuta Niliyompa Shangazi Yuditha

Paka wanne walikuwa wamemzunguka shangazi yangu, na mmoja alikuwa anamlamba kifuani.

Yeye katulia tu. Kaketi juani kando ya vichanja vya kahawa, macho kayafumba.

Nilisimama pale kihambani, kwenye shamba lake la migomba, miguu imekufa kwa ule mlima wa Masama, nikajiuliza nimepanda kutibu au kuzika.

Ilikuwa Oktoba 1952. Nilikuwa nimehitimu utabibu miezi minane tu, na zahanati niliyopangiwa ilikuwa chini kule, mwendo wa saa tatu.

Ngoja nieleze.

Shangazi Yuditha, dada wa baba yangu, alikuwa na ugonjwa wa kifua wa miaka mingi. Si kifua kikuu. Makohozi yake yalipimwa mjini mara mbili, hayakuwa na kitu.

Ni moshi. Miaka arobaini amepika ndani ya nyumba isiyo na dirisha, moto katikati, ng'ombe pembeni. Mapafu yalikuwa yamechakaa.

Kila baada ya wiki kadhaa kifua kinampanda. Anahema kama mtu aliyefukuzwa, hawezi kumaliza sentensi. Mwaka ule niliitwa mara nne, na kila niliporudi nilijua inayofuata anaweza asivuke.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwili usioona jua hukosa vitamini D. Mwalimu wetu mmoja alishuku kwamba mtu wa namna hiyo hata kifua humpanda mara nyingi zaidi. Apate jua, alisema, au mafuta ya ini la samaki.

Sasa hapo kwenye samaki.

Wazee wetu wa mlimani samaki hawagusi. Kwao ni nyoka wa majini.

Basi mwezi Septemba nikampelekea chupa, nikasema, "Shangazi, haya mafuta ni ya kifua. Utumie kila asubuhi."

Neno samaki sikulitamka. Nilijiambia namwokoa.

Na sasa paka.

Ruth, mkwe wake, akatoka ndani na ndoo ya maziwa, pua kaikunja.

"Shemeji, umetuletea nini?"

"Kwani vipi?"

"Mama anajipaka yale mafuta mpaka masikioni. Akiingia ndani ng'ombe anakataa kukamuliwa. Nimemwomba akae nje mpaka harufu iishe."

"Imeisha?"

"Wiki ya sita hii. Paka wa ukoo mzima wamehamia hapa."

Nikaelewa. Mafuta kwetu ni ya kujipaka. Nani aliwahi kunywa mafuta?

Nikampima. Kifua kilikuwa kimetulia kuliko nilivyowahi kukisikia. Wiki sita hakijampanda. Hakumeza hata tone, ila alikuwa amepata jua kutwa nzima, mbali na moshi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nikaona aibu.

"Endelea kukaa nje, shangazi."

"Sawa, baba," akasema, akaniangalia muda mrefu.

Juni ya mwaka uliofuata ukungu ukashuka. Wiki tatu hatukuliona jua. Shangazi akarudi motoni kama kila mtu, na kifua kikarudi naye.

Nilipofika alikuwa ameinamia magoti, midomo imebadilika rangi. Nikamchoma sindano ya kufungua kifua, nikakaa naye. Siku ya tatu ndipo akaweza kunywa mtori wa ndizi na kusema maneno mawili matatu.

Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka tena kudanganya mtu.

"Shangazi, yale mafuta ni ya kumeza."

Akainua kichwa.

"Na yametoka kwenye ini la samaki. Nilikuficha."

Akavuta pumzi, akakohoa, akapumzika.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilipofungua kizibo tu. Mimi ni mgonjwa wa kifua, pua yangu ni nzima."

"Sasa kwa nini ukajipaka?"

"Ningefanyaje? Mtoto wa kaka yangu kapanda mlima wote huu na chupa. Kumeza siwezi. Kumwaga ni kukuaibisha. Nikajipaka, ujue nimetumia." Akapumzika tena. "Nikangoja useme mwenyewe. Umechelewa, baba."

Niliinamisha uso kama mtoto aliyevunja chungu.

"Wewe umeshayameza?" akaniuliza.

"Hapana."

"Haya. Anza."

Nikameza kijiko kizima. Nikatoka nje mbio, nikatapikia mgombani. Ruth alicheka mpaka akakaa chini.

Niliporudi ndani shangazi alikuwa ameshika kijiko.

"Sasa nimeambiwa," akasema. "Mimina."

Akameza. Akakunja uso, akaomba maji, hakusema neno baya.

Nikamweleza Ruth habari ya moshi, naye akahamishia jiko kwenye kibanda cha nje. Mwaka uliofuata kifua kilimpanda mara mbili, si mara nne. Ni mafuta? Ni jua? Ni kukosa moshi? Sijui, na anayesema anajua kwa mgonjwa mmoja anajidanganya. Hakupona. Mapafu yaliyochakaa hayarudi mapya. Lakini mavuno ya kahawa ya mwaka ule aliyaona, na yaliyofuata pia.

Kama una mgonjwa nyumbani, mwambie anachomeza ni nini, hata kama unajua atakikataa. Shangazi yangu alinuka samaki miezi mizima kwa sababu mimi, msomi, niliogopa kutamka neno moja.