Maji Aliyonyweshwa Binti Yangu

Asubuhi ile pale Mtanda, mjini Lindi, wifi yangu alimtwika binti yangu mkeka uliolowa, akamtoa uani, akampitisha nyumba hadi nyumba. Nyuma yao watoto wa mtaa wanagonga vifuu na kucheka. Binti yangu meno ya utoto ndiyo kwanza yanaanza kulegea. Hakulia. Aliushika mkeka kwa mikono miwili usianguke, maana shangazi yake alikuwa amemwambia ni mkeka mpya. Maji yanamchuruzika shingoni, maji yake mwenyewe.

Baba yake alisimama mlangoni, mswaki mdomoni, akatazama kuku.

Hao kuku nitawarudia.

Watu wakisimulia vita vya Maji Maji husimulia waliokufa na walionyongwa, na ni haki yao. Mimi niliponea humo humo, na yangu ni huo mkeka. Kusoma nilisoma kidogo, chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nikatolewa mapema kwenda kuolewa. Atakayeona kalamu yangu inakwenda upande anivumilie, ila wakosaji nitawataja.

Tulikuwa tunakaa shamba, upande wa Mtama. Binti yangu alikuwa amekwisha kukauka zamani, hakojoi tena usiku, kitanda chetu cha kamba hakijui harufu. Ndipo mume wangu akaenda kwa mganga pamoja na wanaume wenzake, akarudi na kibuyu cha ile dawa ya vita, na masharti tele. Mojawapo asilale na mke. Basi akahamia upande wa pili wa nyumba, ananisalimia asubuhi kama mgeni mwenye adabu. Lakini mtoto alimpenda, hilo simnyimi. Kila jioni baada ya magharibi alimwita akamjazia kifuu.

"Kunywa, mwanangu. Risasi haiulizi umri."

"Nimeshiba, baba."

"Dawa haishibishi. Maliza."

Kibuyu kikipungua alikiongeza maji ya kisimani. Alisema mganga ameruhusu. Mimi nadhani alijiruhusu mwenyewe. Usiku wa kwanza tu kitanda kikalowa. Nikamwambia, "Baba, mtoto unamlaza na kisima tumboni."

Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mjinga. "Hiyo ni dawa inafanya kazi. Mwili ukizoea maji, hata risasi ikija itageuka maji."

Nikaenda kuanika kitanda.

Vita vikaja. Yeye akaenda, akarudi mzima, hana hata mkwaruzo, na mpaka leo anasema ni dawa. Mimi nasema ni kichaka, maana alirudi na majani kwenye nywele. Waliotumaliza walikuja baadaye: askari wa Mjerumani, na jumbe wetu sisi wenyewe akiwaonyesha njia. Wakachoma maghala mahindi yakiwa ndani. Kijiji kizima kikanuka bisi, na hapana wa kula. Tukachimba ming'oko, mizizi ya porini, mpaka ming'oko nayo ikatukimbia. Mtoto akawa mbavu tupu, na usiku mbwa akibweka tu, amejilowesha. Maji ya dawa yalikwisha, hofu ikashika zamu.

Ndipo tukashuka Lindi, kwa dada yake mume wangu. Wifi alitupokea, Mungu amrehemu. Alikuwa na muhogo, na alikuwa na mkeka wa ukindu wa rangi aliousuka mwenyewe, akiutunza kuliko mume. Mtoto akaulowesha. Wifi akaufua, akauanika. Akaulowesha tena. Hapo akasema mbele ya kaka yake:

"Wifi, nyumba yangu si kinamasi. Huyu akikojolea tena mkeka wangu, mchukue mwanao mkachimbe mizizi kwenu."

Kwetu hakukuwa na mizizi. Kumrudisha kule ilikuwa ni kwenda kumzika. Nikamtazama mume wangu aseme neno. Akasema muhogo umeiva.

Basi nikajua kazi ni yangu. Alasiri ikipita, simpi maji, wala uji. Anakula muhogo wa kuchoma. Nikaleta mchanga mkavu wa pwani kwa kapu, nikautandaza pembeni jikoni, juu yake gunia kuukuu, nikamlaza hapo. Wifi akianza kukoroma namwinua binti yangu nampeleka uani, namimina maji ya kata chini pole pole ayasikie. Anajibu huku amelala, ameniegemea paja. Siku tuliyoshindwa, mchanga niliumwaga alfajiri na kurudisha mwingine. Tukaanza kushinda.

Wifi akamwonea huruma. "Mtoto amekuwa mwema. Leo usilale jikoni, njoo kwa shangazi." Na mume wangu, ambaye jioni ile alikuwa amepata kibarua forodhani, akamtunza mwema huyo kwa dafu zima. Kunywa, mwanangu, maliza. Mimi nilikuwa kisimani, sikujua. Na chumbani kwa wifi siwezi kuingia usiku kumwinua mtu.

Ndiyo asubuhi ile ya vifuu.

Waliporudi nilikuwa nimeshashika kapu langu, tayari kufukuzwa. Wifi akautua mkeka, anahema, anacheka.

"Damu haipotei. Baba yake nilimtwika hivi hivi, mpaka wiki anayoingia jandoni. Ngariba nusura amrudishe nyumbani."

Nikamgeukia mume wangu. Anatazama kuku.

"Kumbe," nikasema. "Basi wifi, mimi nimewabebea tu mzigo wenu. Arudi porini mwenye damu, sisi tutamsubiri hapa."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Tukabaki. Binti yangu akarudi kwenye mchanga wangu, na kadiri tumbo lilivyojaa na kelele zilivyopungua, akakauka kidogo kidogo, hata sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Sasa ni mama wa watu. Juzi amekuja na mwanawe, na mtoto amelowesha kitanda. Babu yake akamaliza uji, akafuta mdomo, akasema mbele ya mtoto, "Huyu tabia hii kaitoa wapi? Kwetu hatuna." Binti yangu akainamisha shingo. Ile ile shingo.

Mganga walimnyonga. Jumbe amekufa. Mjerumani ameondoka, na aliyemfukuza hanijui. Wifi tumemzika, na kabla ya hapo alimshika binti yangu mkono akamwomba radhi. Wewe, baba, ndiye uliyebaki. Godoro la mjukuu wako nimelianika mbele ya baraza, wote nimewaita, na kuku nimewafungia. Toa mswaki mdomoni. Mwambie mtoto huyu nani alitwikwa mkeka mpaka jandoni, kisha umwambie mama yake kwa nini ulinyamaza mlangoni.