Nilimwambia Mnunuzi Kuwa Ni Mawe Tu

Mimi ni mama wa miaka sabini na tatu, mjane, naishi Same. Wanangu wanaisoma page hii, ndiyo maana nimemwomba admin asiweke jina langu wala la kijiji chetu cha milimani. Naandika mwenyewe kwa simu, kidogo kidogo, mnivumilie makosa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, enzi zile za vijiji vya ujamaa. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huku tambarare, na alipopewa kiwanja kwenye kijiji kipya akataka mama ahamie kwake, maana miguu ilikuwa inamsumbua na milima ilishamshinda. Wakakubaliana nyumba ya juu iuzwe ili wajenge huku chini. Kwa kuwa nilikuwa sijaolewa, nikaachwa kule peke yangu niitengeneze na kutafuta mnunuzi.

Siku ya kuondoka, mama alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Pale alizikwa mdogo wangu Eliamini, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Kaburi halikuwa na msalaba. Lilizungushiwa mawe ambayo mama aliyabeba mwenyewe kutoka mtoni.

"Atakayenunua mwambie hapa pana mtoto," alisema. "Akikubali kupatunza, muuzie. Asipokubali, mwache aende."

Nikamwambia, "Sawa, mama."

Jamani, nyumba ilikuwa imechakaa na mimi sikuwa na kitu. Kaka alinitumia hela ya chokaa tu. Nilichota udongo mwekundu bondeni nikauchanganya na majivu na kinyesi cha ng'ombe, nikaziba nyufa kwa mikono mpaka vidole vikachubuka. Chokaa niliitia chumvi ili ishike ukutani, ikatosha upande wa mbele peke yake. Bawaba za mlango zilikuwa zimekatika, nikakata vipande vya tairi kuukuu nikavipigilia misumari. Matundu ya bati niliyaziba kwa lami niliyoomba kwa watu wa barabara. Kilichonishinda ni ngazi ya mlangoni. Mvua ilikuwa imeila yote, na saruji haikuwepo duka la ushirika.

Mnunuzi wa kwanza aliipenda nyumba. Nilipomwonyesha kaburi akaaga, hakurudi. Wa pili vivyo hivyo, mkewe alisema hawezi kupika huku anatazamana na kaburi la mtoto. Kaka akaanza kutuma maneno kwamba mama analala kwenye kibanda cha nyasi kinachovuja, mimi nafanya nini huko juu?

Ndipo akaja mwalimu mmoja aliyehamishiwa shule ya jirani. Alikagua kila kitu, akafika nyuma ya jiko akasimama.

"Binti, haya mawe ni ya nini?"

Sijui ilikuwaje. Nikajisikia nasema, "Ni mawe tu, mwalimu. Baba aliyaweka ya kujengea."

Akafurahi. "Basi yapange pale mlangoni, utakuwa umemaliza kazi. Jumamosi nakuja kununua."

Ijumaa niliyang'oa moja moja, nikajenga ngazi kwa udongo. Pale kaburini nikasawazisha, nikapanda maboga ili pasijulikane. Nililia nikimwita Eliamini kwa jina, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni mama akienda shamba. Kesho yake mwalimu alikuja, akaikanyaga ngazi kwa nguvu kuijaribu, akasema, "Imara kabisa." Nyumba ikauzwa.

Niliposhuka, swali la kwanza la mama lilikuwa, "Amekubali kupatunza?"

Nikasema amekubali.

Mwaka uliofuata miguu ilipata nafuu, mama akataka kwenda kumwona mwanawe. Nilitafuta kila sababu ya kumzuia, akakataa. Tulipofika, mwalimu alikuwa shuleni, mkewe akatupokea vizuri sana. Mama alikuwa amechoka na mlima, akaketi kwenye ngazi, juu ya mawe yake mwenyewe, akaomba maji. Mimi nilibaki nimesimama. Alipomaliza kunywa akazunguka nyuma ya jiko, nami nikamfuata.

"Mawe yako wapi?"

"Mvua, mama. Mvua iliyasomba."

Hakunigombeza. Alipiga magoti, akaanza kushuka mteremko akipapasa kwenye majani. Mke wa mwalimu akaninong'oneza, "Mama amepoteza nini?" Nikamjibu kuwa ameangusha ufunguo. Yule mama wa watu naye akainama kumsaidia kutafuta.

Mama alipata jiwe moja. Halikuwa lake, hata rangi ilikuwa tofauti, lakini alilifunga kwenye kanga akashuka nalo mpaka tambarare. Lilikaa chini ya kitanda chake mpaka alipofariki. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie, nikashindwa. Siku zake za mwisho alinishukuru, akasema, "Angalau wewe unapajua mahali alipo mdogo wako." Maneno hayo yananitafuna mpaka leo.

Sasa mwalimu alishafariki. Wiki iliyopita nimekutana na mwanawe hapa Same, akanisalimia kwa heshima, akanieleza kwa furaha kwamba wanabomoa nyumba ya zamani na kujenga kubwa. Nikamuuliza msingi utafika wapi. Akasema, "Tutakwenda mpaka kule nyuma ya jiko, mama. Mafundi wanaanza mwezi ujao."

Kaka yangu bado yu hai, mzee sana. Kila tukikutana kifamilia huwaambia wajukuu kwamba mimi ndiye niliyetimiza neno la mama. Nikisema, atajua kwamba nilimdanganya mama mpaka anaingia kaburini, na kijana yule atajua nilimdanganya baba yake. Nikinyamaza, mafundi watamchimbua mdogo wangu na kumtupa pamoja na udongo, bila kujua ni mtu.

Natamani nipande mlima nikawaonyeshe, halafu nawaza nitamtazamaje kaka. Ndugu zangu, hasa nyinyi mliowahi kuwaficha wazazi wenu jambo wakaondoka bila kulijua, nisemesheni. Nianze kwa kaka au kwa kijana wa mwalimu? Na nikishasema, nitawezaje kuishi nao?