Siku "Absolutely" Iliponiweka Mbele ya Kwaya

Chekeni, lakini polepole, maana mpaka leo nikisikia kwaya ikipasha sauti natafuta njia nyingine ya kupita. Aibu hiyo nilijitafutia mwenyewe. Nilikuwa naenda Nyansiongo kujitambulisha kwa baba yake Kerubo, msichana ninayetaka kumwoa, na kwa kuwa mzee huyo ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nikaamua kila atakaloniuliza nitamjibu "Absolutely", neno ambalo bosi wangu pale Kisii hulitamka mpaka unadhani amesoma kuliko sisi wote.

Ilikuwa Sabato asubuhi, chai iko mezani. Mzee akauliza kama huwa naamka mapema. "Absolutely." Kama najua kukamua. "Absolutely!" (Mimi maziwa nayajua ya pakiti.) Mzee akafurahi, akasogeza kiti.

"Na kuimba je, omwana one?" akaniita mwanangu kwa Kigusii. " Anayetuimbia besi amekauka koo, na kwaya inaimba leo."

Hapo mwenye akili angesema "kidogo", au angekohoa. Mimi nikasema "Absolutely", tena kwa kishindo, na baada ya saa moja nimesimama mbele ya kanisa zima, kati ya wanaume watatu wanaojua wanachofanya, nikiomba umeme upotee, ingawa wimbo wenyewe haukuhitaji umeme. Wenzangu wakanyamaza ili besi ishuke peke yake. Nikafumba macho, nikaishusha. Huko nje, kwenye shamba la jirani, ndama akaitikia. Nikajaribu tena, na safari hii akaja mama yake, akaingiza kichwa mlangoni, ananitazama mimi kwa huruma, na mzee wa kanisa akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Tuliporudi nyumbani baba yake Kerubo hakucheka. "Neno lile maana yake ni kabisa, bila kupunguza hata chembe," akasema. "Ukilitoa, umejifunga." Kisha akauliza, Kerubo akiwa pale pale na birika mkononi, "Na huyu binti yangu, unampenda?"

Nikakumbuka yule ndama. Nikasema, "Kiasi, Baba."

Kerubo akaweka birika chini, akaingia jikoni, hakutoka tena. Hii ni wiki ya tatu hashiki simu zangu. Nimeapa neno lile sitalitupa ovyo tena maishani, lakini akishika hata mara moja, nitalisema kabla hata ya salamu.