Kila Somo na Tuta Lake

Asubuhi za Oktoba, jakaranda zikiwa zimemwaga maua yake ya zambarau hadi ndani ya karai la kufulia, ungemsikia dada yangu Otilia kabla hujamwona. Sauti yake ilitoka bustanini, nyuma ya nyumba yetu ya Vengere, taratibu, kama ya mtu anayesali huku usingizi haujamwisha.

"Mizizi hunywa. Shina hupandisha. Majani hupika."

Maji yakamiminika, kisha tena: "Mizizi hunywa." Mpita njia angedhani anaiimbia sukuma wiki. Alikuwa anadurusu Bayolojia.

Otilia aliacha shule akiwa kidato cha pili, baba yetu alipofariki. Akaolewa, akafiwa na mume, akashona sare za shule za watoto wa watu, na kila Alhamisi akavaa blauzi nyekundu ya akina mama wa Kimethodisti kama sisi wengine. Siku binti yake Rujeko aliporudi na vitabu vya kidato cha kwanza, Otilia alivifungua mezani akavinusa kama mkate.

"Eustina," akaniambia, "hivi vitu vilikuwa vinaningoja."

Tangu siku hiyo wakawa wanafunzi wawili nyumba moja. Shida ilikuwa kichwa cha Otilia. Mwenyewe alisema ni kabati lisilo na rafu: Historia inaiangukia Jiografia, Jiografia inaiangukia Hisabati, asubuhi unakuta vyote chini. Ndipo akayagawa masomo bustanini. Sukuma wiki ikawa Bayolojia. Maboga yakawa Jiografia, kwa sababu hutambaa kwenda kila upande. Nyanya zikawa Historia, maana bila vijiti vya kuzishikilia huanguka zote. Vitunguu vikawa Hisabati.

"Kwa nini vitunguu?" nilimuuliza.

"Mama mdogo, we hujamwona akikokotoa?" Rujeko akajibu badala yake. "Analia hata kabla ya kusoma swali."

"Cheka tu," Otilia akasema. "Tutaona nani atalia Novemba." Lakini alicheka mwenyewe mpaka akaketi juu ya ndoo.

Kwa njia hiyo alifaulu masomo matatu, moja baada ya jingine. Likabaki la Hisabati. Mwaka huu mama na binti walikuwa waingie katika mtihani msimu mmoja, Rujeko kwa masomo yake yote, Otilia kwa hilo moja. Nilizoea kuwaona kupitia dirisha la jikoni, mmoja na mpira wa maji, mwingine na kitabu, wakisogea tuta hadi tuta, upinde mdogo wa mvua ukiwa umesimama katikati yao. Hata sasa nikiamka huwa nayasikia yale maji, nami hulala kidogo zaidi ili yasikome.

Mungu alimchukua Otilia akiwa kwenye cherehani. Moyo ulisimama tu. Kichwa chake kililala juu ya kitambaa cha sare, kana kwamba amesinzia akingoja chai.

Rujeko hakulia. Alikaa jikoni kati ya wanawake waliokuja kuomboleza, akimenya chochote alichopewa. Mtihani wake wa kwanza, wa Bayolojia, ulikuwa Jumanne baada ya maziko.

"Siendi, mama mdogo," aliniambia. "Nikitafuta jibu, linakuja kwa sauti yake. Halafu sauti inakatika."

Bustani hakuikanyaga. Nguo za marehemu hatuzigusi sisi jamaa mpaka siku ya kuzigawa, kwa hiyo gambuti za Otilia zilibaki mlangoni, na hakuna aliyekwenda kumwagilia. Sukuma wiki ikaanza kulegea. Nilipiga magoti nikamwomba Bwana anipe neno la kumwambia mtoto. Sikupewa.

Tulimzika Jumamosi. Tuliporudi, watu wakiwa bado wananawa mikono bombani, tukasikia kishindo nyuma ya nyumba. Alikuwa Mama Chapwanya, sahwira wetu, mtani wa ukoo, mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu hata mbele ya mchungaji. Alivaa gambuti za Otilia, aproni yake na kofia yake ya ukindu, mkononi ndoo ya kumwagilia, akitembea kwa mwendo uleule wa bata aliyeshiba.

"Mmekaa mnakula sadza yangu!" akafoka, kana kwamba ugali wa matanga ni wake. "Bayolojia nani ameinywesha? Au mnataka nizikwe pamoja nayo?"

Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Naye akainamisha ndoo juu ya sukuma wiki.

"Njooni niwafundishe moyo. Damu inatoka moyoni, inapitia kwenye ini kusalimia wakwe, halafu inakwenda mapafuni kulala."

"Haipitii kwenye ini," sauti ikasema.

"Nani huyo anambishia mama yake?"

"Haipitii kwenye ini, sahwira." Rujeko alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, kisu cha kumenyea kikiwa bado mkononi. "Inatoka chumba cha chini upande wa kulia, inakwenda mapafuni kuchukua oksijeni, inarudi kushoto, ndipo inasukumwa mwilini."

"Ikishasukumwa?"

"Inarudi."

"Kila mara?"

Akakiweka kisu chini.

"Moyo ukiwa unapiga," Rujeko akasema, na hapo ndipo alipolia.

Mama Chapwanya hakumbembeleza. Alikwenda zake mabogani. "Na mto Odzi? Huo najua. Unaingia kwenye sufuria ya mama mkwe."

"Unaingia mto Save," Rujeko akasema kwa kwikwi, akishuka ngazi.

Wakapita mabogani, wakapita kwenye nyanya, mmoja akikosea kwa makelele, mwingine akisahihisha kwa kilio. Walipofika kwenye vitunguu, Mama Chapwanya alivua kofia.

"Hapa sina utani," akasema. "Hapa mwenyewe hakumaliza."

Rujeko akaichukua ndoo mkononi mwake, akamwagilia mpaka ikakauka. Neno nililoliomba kwa Mungu, alipewa mtani.

Jumanne Rujeko alivaa sare aliyoshonewa na mama yake, akaenda.

Siku ya Hisabati, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri na bustani yote ilinukia. Rujeko aliporudi alivua viatu, akazipita gambuti mlangoni bila kuzigusa, akaingia matopeni peku hadi kwenye vitunguu. Havikuhitaji maji. Alichuchumaa tu.

"Swali la kwanza lilikuwa la sehemu," nilimsikia akisema. "La pili, mama, lilikuwa lile unalolichukia. Subiri, nikuoneshe."

Akaokota kijiti, akaanza kuchora kwenye udongo. Alimsimulia yote, swali kwa swali, bila haraka. Nami nilibaki dirishani na mwiko mkononi, nikisikiliza, mpaka sadza ikaungua.