Ndiva Iliyoacha Kuvuja

Mama yangu hakumwaga maji bure hata siku moja. Maji aliyooshea mchele yalilowekewa vyombo, ya vyombo yakaenda kwenye mgomba, na mimi nikichota kata nzima nikanywa nusu, nilisemwa mpaka jioni.

Juu ya nyumba yetu, upande wa Mlola, kuna ndiva, bwawa dogo la udongo ambalo wazee walilichimba kwenye mteremko. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na kila kaya inamwagilia kabichi na karoti kwa zamu. Ndiva ile ilikuwa inavuja. Tuliiziba kwa udongo na magome ya mgomba, asubuhi ukuta umelowa tena. Mama ilimuuma kuliko wote. "Maji yanapotea mchana kweupe na sisi tunatazama!" alisema kila mkutano, kwa Kishambaa kwanza, kisha kwa Kiswahili, ili mwenyekiti asijifanye hakusikia.

Basi tukakubaliana kuisakafia kwa saruji. Hakuna aliyetulazimisha. Wanaume walivunja mawe, wanawake tukabeba mchanga kichwani, mama akawapikia mafundi makande. Kiangazi kilichofuata ndiva ilijaa hadi ukingoni na zamu zikaongezwa. Watu walicheza. Mama naye alicheza, na magoti yake yale mabovu.

Kiangazi hicho hicho, chemchemi ya chini ya nyumba yetu, tuliyoinywa tangu nizaliwe, ikaanza kupungua. Ikabaki tope, kisha nyasi. Tulilaumu mikaratusi ya jirani, tukalaumu mvua. Ni mama mwenyewe aliyesimama pale na ndoo tupu, akautazama ukuta wa ndiva kule juu, mkavu kabisa, akakaa chini. Maji yale tuliyosema yanapotea ndiyo yaliyokuwa yanashuka kwenye chemchemi yetu.

Tuliomba saruji ivunjwe. Wenye mashamba ya juu, karibu na ndiva, walitusikiliza kwa adabu, maana ni ndugu zetu.

"Lakini shemeji," alisema baba mdogo, "si wewe uliyetuhimiza?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami nilitamani kuwatukana wote, ila baba mdogo alisema kweli. Na hakuna aliyejua kama tukivunja, chemchemi itarudi.

Nikamleta mama hapa Lushoto mjini, kwenye nyumba yenye bomba. Shamba lake limeota magugu. Anasema atarudi mvua zikishika, nami naitikia, na wote wawili tunajua harudi. Nakinga maji ya bati kwenye pipa, natandaza majani makavu kwenye vitanda vya mboga ili unyevu usikimbie, yote kama alivyonifundisha. Yeye anakaa kibarazani, hanikosoi tena. Ningelipa chochote anigombeze.

Bomba la uani linadondosha maji. Juzi nilimleta fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuziba hili bomba. Linapoteza maji."

Mama akainuka kwa shida, akaenda kusimama kati yake na bomba.

"Liache livuje," alisema. "Huenda kuna mtu huko chini."

Fundi akanitazama. Chini ya bomba lile kuna mtaro wa saruji, nao unaishia barabarani.